Mkalimani wa Miaka Minne

Tulipohamia mtaa wa Stechford, ughaibuni, binti yangu alikuwa na miaka minne, na ndiye aliyekuwa mkalimani wangu. Mimi nilitoka Bukavu na Kiswahili na Kifaransa. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza.

Siku moja nilipokwenda kumchukua chekechea, mwalimu wake alinifuata mlangoni akaongea kwa kirefu, sauti ya upole, tabasamu usoni.

"Anasema nini?" nikamuuliza mwanangu.

"Anasema leo nimekula vizuri, na nimegawia wenzangu matunda."

Nikamshika mwalimu mkono, nikamwambia vizuri sana, asante sana. Tabasamu likamfutika. Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji.

Getini, mama mmoja Msomali aliyekulia Nairobi akanivuta kando. "Dada, samahani. Mwalimu hajasema hivyo. Amesema msichana wako amemng'ata mwenzake mkono mpaka umevimba."

Kilichonishtua si kung'ata, watoto hung'atana. Lakini huyu wangu alisimama kati ya watu wazima wawili, akamdanganya mmoja mbele ya mwenzake, bila kupepesa jicho. Miezi michache tu nyuma, akiongea na nyanya yake kwa simu ya kawaida, isiyo na picha, alikuwa amenyoosha mguu na kusema, "Koko, viatu vyangu vipya hivi hapa, umeviona?" Alidhani anachokiona yeye kinaonekana na kila mtu.

Tukarudi ndani, yule mama akinitafsiria. Niliomba msamaha mpaka maneno yakaniishia. Mwalimu hakushtuka kama mimi. Alisema ni hatua ya kukua kwa akili: mtoto amegundua kwamba anachokijua yeye, mama anaweza asikijue. "Ila usimpe tena kazi ya kutafsiri," akaongeza.

Nyumbani nilimuuliza kwa nini alifanya vile. Alijibu kwa Kiingereza, akaona sijaelewa, akarudia polepole kwa Kiswahili: "Nilijua hutajua."

Hakuwa na ujeuri. Alisema kama anayenitajia rangi ya ukuta. Nilikaa namtazama akila viazi vyake, na kwa mara ya kwanza sikujua anawaza nini.

Wiki iliyofuata nilijiandikisha darasa la Kiingereza kule Alum Rock, mtaa wa jirani.