Mstari wa Msumari kwenye Bawa la Ndege

Siku ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, ni ile tuliyofungua sanduku la mwisho katika karakana ya misheni, hapa Baraka, tukakuta ndege nzima imo ila chombo cha kuiundia hakimo hata kimoja. Ilikuwa ndege ya bati la aluminiamu, imekuja vipande vipande, kila kipande na namba yake, na kitabu cha maelezo juu. Bwana Henri, mmisionari aliyeiagiza, alisoma kitabu kwa Kiingereza, akatueleza kwa Kifaransa, naye Papa Wilondja akatugeuzia Kiswahili: vyombo vya kazi, jitafutieni wenyewe.

Nakueleza haya kwa sababu juzi ulikuja kuniuliza ununue vyombo gani ufungue karakana yako, na kabla sijafungua mdomo ukaanza kunionyesha picha za mashine kwenye simu. Nilicheka, ukadhani nimefurahi. Hapana. Nilijiona mimi mwenyewe nikiwa na umri wako, na sikujipenda. Weka simu chini kwanza, mashine hazitakimbia.

Ilikuwa miaka ya Zaire, wakati wa chama kimoja, tulipokuwa tukiitana sitwaye, yaani raia, na kwenda salongo kila Jumamosi kufyeka barabara kwa lazima. Mimi nilikuwa fundi bati. Nilitengeneza koroboi, ndoo, masufuria na mifereji ya paa. Kutoka Mboko mpaka Fizi, mtu aliyetaka ndoo isiyovuja alinijua jina, nami nilijijua kuliko wote. Papa Wilondja alikuwa mkubwa wetu wa karakana. Ujana wake aliutumia Kalemie akipigilia riveti, vile vifungo vya kuunganishia mabati, kwenye meli za chuma za ziwa, na sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kwa kelele za nyundo. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimuuliza jambo asubuhi, alikujibu baada ya chakula, na mara nyingi alikuwa sahihi.

Ndege ile haikuwa ya fahari. Barabara ya kwenda Kilembwe ilikuwa imekatwa na mvua, na mgonjwa wa huko alishushwa kwa kipoyi, kile kitanda cha miti kinachobebwa mabegani na watu wanne, siku tatu au nne mpaka hospitali. Wengi walifika wazima. Wengine walifika wamekwisha kukata roho. Papa Wilondja alikuwa na binti aliyeolewa Kilembwe, jina lake Mwamini. Uzazi wake wa kwanza nusura umuue. Sasa alikuwa na mimba tena, na baba yake alimtumia salamu kwamba mwezi wake ukikaribia, atashuka kwa ndeke, ndivyo tuitavyo ndege kwetu, asipande kipoyi kamwe. Kwa hiyo tulipounda ndege, sote tulijua ni nani anayeingojea.

Papa Wilondja alikaa siku mbili na kitabu kile, akishikashika kila bati kwa vidole, kisha akaandika orodha. Hakuandika vyombo vikubwa. Aliandika mashine mbili za kutobolea, meshi, zile ncha za kutobolea, za ukubwa mbalimbali, mikasi ya bati ya kukata kushoto na ya kukata kulia, pini za kubana mabati yasicheze kabla ya riveti, tupa laini ambazo hazijawahi kugusa chuma, kifaa kidogo cha kulainisha midomo ya matundu, na mwisho kabisa, kalamu za wino zenye ncha laini, dazeni moja.

Tulikwenda Bujumbura, mimi na Bwana Henri. Yeye alitafuta mashine, mimi nikapewa orodha ya vyombo vya mkono. Mwanangu, nilikuwa kama mbuzi aliyefunguliwa shambani. Niliona nyundo moja ya mpini mwekundu, kichwa kinang'aa, nikaipenda hata kabla ya kuishika. Haikuwa kwenye orodha, nikaichukua. Nilipofika kwenye kalamu nikajisemea kwamba hii ni kazi ya wanafunzi. Miaka yote nimechora bati kwa ncha ya msumari, sasa fundi mzima nikae nachora kwa wino kama mtoto wa darasa la tatu? Wahenga wamesema mchagua jembe si mkulima. Nikaziacha. Niliporudi, Papa Wilondja alihesabu kila kitu mara mbili, akaniuliza kalamu ziko wapi. Nikamwambia hazikupatikana.

Unaona ulipoanzia uovu? Haukuanza kwenye bawa.

Alisema si neno. Bwana Henri alikuwa anakwenda Uvira kufuatilia karatasi za ndege, maana wakubwa wa bureau, ofisi za serikali, walitaka mihuri isiyokwisha, basi kalamu atazileta yeye. "Mpaka arudi, hakuna mwenye kuchora bati ya bawa," mzee alituambia. "Tufanye ingine kazi."

Jumamosi wenzangu wote wakaenda salongo, na Papa Wilondja naye, maana ndiye aliyesimamia mtaa wake. Mimi nilipewa kikaratasi cha kubaki nilinde karakana. Nikakaa peke yangu na lile bati la chini la bawa, safi kama maji. Nikaona uvivu kungoja. Nikasema nitawashangaza, watarudi wakute limekwisha kuchorwa na kutobolewa. Nikatoa msumari wangu mfukoni. Mstari niliuvuta umenyooka, kwa mkono ambao hautetemeki, kutoka mwanzo wa bawa mpaka mwisho, pale pale riveti zitakapopita. Nikatoboa matundu, nikalainisha midomo yake. Kazi nzuri, hata leo nitasema ilikuwa nzuri.

Pembeni kulibaki kipande kilichotoka kwenye ukingo. Nikaona kitamfaa mke wangu kufunikia chungu. Nikafanya kama nilivyofanya kila siku ya maisha yangu: nikakichora kwa msumari, nikakikunja kushoto, nikakikunja kulia, kikakatika. Kikakatika juu ya mstari, sawasawa, bila mkasi.

Nilisimama na vile vipande viwili mkononi. Ndivyo mafundi bati wa Baraka tunavyokata bati jembamba, mwanangu. Tunalikwangua kidogo kwa msumari, na bati lenyewe linajua pa kuvunjikia. Nililijua jambo hilo kabla sijaota ndevu. Na ndege angani hupinda na kunyoosha mabawa yake kila upepo unapopiga, Bwana Henri alitueleza hivyo siku ya kwanza kabisa. Nililitazama lile bawa: mstari wangu ndipo litakapovunjikia.

Sasa nikuambie nilichofanya, na usinionee huruma. Ndani ya sanduku kulikuwa na rangi ya kijani ya kuzuia kutu. Nikapaka. Mstari ukapotea. Waliporudi na mapanga yao, Papa Wilondja aliuliza kwa nini nimechora kabla ya ruhusa, nikasema nilipima kwa kalamu ya mwanangu wa shule. Akaguna tu. Mazoea yana taabu, lakini uongo una taabu zaidi, kwa sababu ukiutoa mmoja, wa pili unatoka wenyewe bila kuitwa.

Jumatatu mzee alikuja na barua iliyoletwa na wachuuzi waliotoka Kilembwe. Mwamini alikuwa mzima, miezi mitano, na aliuliza kama ndani ya ndeke watu wanalala au wanakaa. Papa Wilondja aliisoma kwa sauti, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Kisha akaweka kiganja juu ya bawa.

"Ataikala hapa juu," akasema. "Mi nitamuwekea matandiko."

Nilijaribu kuendelea na kazi. Nilishika tupa, nikaiweka. Nilishika mkasi, nikauweka. Mwishowe nikamwendea upande wa sikio lake zima.

"Papa, hii bawa iko na mustari chini ya rangi. Niliichora na musumari."

Alichukua kitambaa chenye mafuta ya taa, akaisugua rangi mpaka mstari ukaonekana, akaupitishia ukucha kutoka huku mpaka huku.

"Kalamu zilikosekana kweli?"

"Zilikuwako, Papa. Mi ndiye nilizikataa."

"Juu ya nini?"

"Niliona ni bintu ya batoto ba masomo."

Akakaa juu ya sanduku. Nilitamani anipige. Alipozungumza alizungumza polepole, kama mtu anayepima.

"Alimasi, we unajua bati kunipita mi. Ile musumari, kila siku unaikamata juu ya kuvunja bati. Sasa umeikamata juu ya kujenga. Mukono yako haikukosa, ilifanya kazi yenye inajua. We ndiye hukuchagua." Kisha akaongeza, "Na rangi je? Ile nayo ilipakwa na mazoea?"

Alinituma nimwambie Bwana Henri mwenyewe, kwa mdomo wangu, siku atakayofika. Yeye akaenda kumwandikia binti yake kwamba ndeke itachelewa.

Bati jingine liliagizwa ng'ambo. Uliza mtu yeyote wa umri wangu, barua ya Zaire ilikwendaje. Mwezi wa sita wa mimba ukapita, wa saba, wa nane. Tulimaliza kila kitu kilichoweza kumalizika, ndege ikasimama na bawa moja uchi. Mwezi wa tisa wanaume wa Kilembwe wakamtia Mwamini kwenye kipoyi. Habari zilipotufikia niliondoka na wenzangu kuwapokea njiani, tukawakuta nyuma ya Fizi, mvua inanyesha. Nilishika mti wa nyuma nikaubeba mpaka hospitali. Sikubadilishana na mtu. Mwamini alipona. Mtoto, wa kiume, hakupona.

Nililia mwanangu, na sioni haya. Papa Wilondja hakunitupia neno. Wapo waliosema pale msibani kwamba ningenyamaza tu, rangi ilikuwa imefunika, ndege ingeruka na mtoto angeishi. Mzee aliwasikia, kwa lile sikio lake moja. Akawaambia, "Angenyamaza, tungezika babili, na rubani wa tatu." Majuma mawili baadaye bati likafika, na yeye akalichukua akaniwekea mezani, mimi, si mwingine, pamoja na kalamu. Nililichora siku nzima.

Ndege iliruka kiangazi kile. Mwaka uliofuata Mwamini alishika mimba tena, nami nikatumwa kwenda na ndege Kilembwe kumchukua, maana kila safari ilihitaji fundi wa kuikagua. Alikuja uwanjani na mama mkwe wake na fungu la nguo. Aliizunguka ndege yote. Aliinama akatazama chini ya bawa kwa muda mrefu, kisha akasimama mbele yangu. Alijua kila kitu, baba yake hakumficha.

"Fundi Alimasi," akasema, "iko kitu umeficha ndani ya hii ndeke?"

"Hapana, dada. Hakuna."

Alinitazama usoni. Halafu akampa mama mkwe fungu lake, akapanda.

Basi hilo ndilo jibu la swali lako, mwanangu, na sina jingine. Nunua vichache. Usinunue chombo kwa sababu kinang'aa, wala usikiache kwa sababu ni cha watoto. Kabla hujanyoosha mkono, jiulize kazi ni ipi, kwa maana mkono hushika ulichokizoea, na kilichojenga jana kinaweza kubomoa leo. Ukikosea, na utakosea, usipake rangi. Mficha maradhi kifo humfichua, na mara nyingi kifo chenyewe ni cha mwingine asiye na kosa. Fanya kazi ambayo mwenye kuipanda akikuuliza kama umeficha kitu, utamjibu ukimtazama.

Mungu akupe mkono mtulivu na kichwa kinachoutangulia. Akupe wakubwa watakaokukemea bila kukutupa. Watakaopanda juu ya kazi yako wafike, washuke kwa miguu yao, wazae, wakuite jina lako kwa wema. Amina. Sasa lete hiyo orodha yako tuisome pamoja.