Jiko Nililoona Haya Kuingia

Kuna siku moja siipendi kuikumbuka, mwanangu, lakini kwa kuwa barua yako ya kazi ya afya imefika na mama yako ameshaanza kualika majirani, nitaikumbuka kwa ajili yako. Keti. Chai ikipoa, ipoe.

Miaka ile ya tisini nilikuwa mkaguzi wa afya, kijana wa pikipiki na koti jeupe. Hoteli zote kutoka Longisa kupanda hadi kwenye majani chai zilikuwa mikononi mwangu. Nilikuwa mkali, sikufichi. Nilimwaga maziwa ya watu, nikafunga bucha, na wenye hoteli wakisikia pikipiki yangu walianza kufagia mbio mbio. Nilijiona mtu wa maana sana.

Hoteli moja tu ilinishinda. Ilikuwa ya mama mkwe wangu, karibu na pale wakulima walipopimia majani yao, na wachuma chai walikula hapo kila adhuhuri. Unajua adabu yetu: mwanamume hajipeleki jikoni kwa mama mkwe. Basi kila mwezi niliketi mbele na wateja, nikaletewa chai, nikatazama meza na sakafu, kisha nikaandika kwamba jiko ni safi na maji ni salama. Jiko lenyewe sikuwahi kuliona. Cheti nilichompa alikitundika ukutani, akakipangusa vumbi kila asubuhi. Nilijiambia ninamheshimu. Ukweli ni kwamba niliogopa kuitwa mkwe asiye na adabu.

Mvua ndefu zikaja, na homa ya matumbo nayo. Wachuma chai kadhaa walilazwa. Mmoja wao, Moraa, mama wa watoto wawili aliyetoka upande wa Kisii kutafuta kibarua, alifariki. Alikuwa akinywa maji kwa mama mkwe wangu kila siku.

Mkubwa wangu akanituma nikachukue maji ya kupimwa. Siku hiyo niliingia. Nyuma ya jiko palikuwa na kisima kifupi kisicho na kifuniko, na upande wa juu wa mteremko, hatua chache tu kutoka hapo, choo cha shimo. Mvua ilikuwa imechimba mfereji kutoka chooni hadi kisimani. Maji ya chai yalichemshwa, ya kunywa yalichotwa hivyo hivyo. Ningesimama mlangoni mara moja tu, ningeyaona yote. Nilijichukia, mwanangu, na mpaka leo sijamaliza.

Nilipotoka na kufuli mkononi, mama mkwe alikuwa amesimama nje, kitambaa cha kichwa kimemwanguka.

“Wewe umekuja hapa kila mwezi,” akaniambia. “Unakunywa chai, unaandika. Mimi nilifikiria kama kuna kitu mbaya, utaniambia. Si wewe ndio ulisoma?”

“Mama, niliona haya kuingia jikoni kwako.”

“Haya?” Alinitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. “Ungeingia tu. Ningekasirika, halafu ningesahau. Sasa watoto wa Moraa nitawaambia nini?”

Nilifunga mlango wake kwa kufuli, nikaandika ripoti, na safari hii niliandika jina langu pia kati ya wenye makosa. Nilisimamishwa kazi kwa muda. Hilo halikuniuma hata kidogo.

Sasa sikia nikuambie. Usiandike kitu ambacho macho yako hayajakiona. Ingia jikoni, funua sufuria, zunguka nyuma uangalie choo kiko wapi na maji yanatoka wapi. Anza na wale wa nyumbani, maana hao ndio watakaoiamini sahihi yako bila kuuliza. Wakikununia, vumilia.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ujasiri wa kuingia ndani na mdomo wa kusema ulichokiona, na wale utakaowaudhi awape maisha marefu ya kukukasirikia.