Bi Vidole na Barua Isiyohifadhiwa

Miaka ishirini na sita Bi Vidole alipiga chapa katika ofisi ya ardhi, na taipureta yake ilimjua kuliko mumewe. Siku moja tangazo likabandikwa mlangoni: wapiga chapa wote wajifunze kompyuta wiki nzima, Ijumaa mtihani, na atakayeshindwa ahamishiwe getini kuandikisha wageni. Getini! Yeye, mwenye vidole vya mbio hivi kwamba mkuu wa ofisi akikohoa katikati ya kumsomea barua, kikohozi nacho kinachapwa!

Mkufunzi alikuwa binti mpole, rika la kitinda mimba wake. Alieleza kwamba hii yenye herufi ni kibodi, hiki kioo cha mbele ni skrini, na hiki cha kusukuma mezani ni kipanya: ukikisogeza, kale kamshale kwenye skrini nako kanasogea. Bi Vidole akakinyanyua hewani ili kamshale kapande juu. Darasa likavunjika mbavu, naye akacheka kuwashinda wote. Kibodi ndiyo ilikuwa saizi yake, ila kila mwisho wa mstari mkono wa kushoto uliruka wenyewe kutafuta kile chuma cha taipureta cha kuanzia mstari mpya, ukaizaba skrini kofi. Kufikia Jumatano skrini ilikuwa imefungwa kamba.

Faili na folda hazikumsumbua: barua ni faili, jalada la kuiwekea ni folda, kama kabatini tu. Kilichogoma ni kuhifadhi. Mkufunzi alisema kompyuta hushika maandishi kwa muda. Usipoiamuru iyahifadhi, ukizima yamekwenda na maji. Bi Vidole akaitikia ndiyo mwanangu, kumbe ndiyo ya mdomoni.

Ijumaa wakapewa barua ya ukurasa mmoja, dakika ishirini. Bi Vidole alimaliza kwa dakika nane, wenzake bado wanaisaka herufi M. Akarudisha karatasi ya mtihani, kisha akafanya kama mpiga chapa yeyote aliyemaliza kazi: akazima mashine, akaifunika kitambaa, akakunja mikono kwa raha zake.

"Mama, umeihifadhi wapi?" mkufunzi akauliza.

Bi Vidole akakurupuka. Akawasha haraka. Folda tupu, nyeupe pe! Geti akaliona hili hapa, na daftari la wageni, na jua la mchana. Mkufunzi, machozi yakimlengalenga, akamwambia zimebaki dakika tisa na karatasi hairudishwi.

"Mashine imesahau," Bi Vidole akasema. "Mimi sijasahau."

Akavishusha vidole. Lo, mvua ya mawe juu ya bati! Skrini ilikula makofi ishirini na moja. Safari hii akahifadhi, akaipa faili jina, akaifungua kuhakikisha, ndipo akachapisha. Mkuu wa ofisi akailinganisha na ile ya mtihani neno kwa neno. Hakikupungua hata kituo.

"Jumatatu saa mbili, Bi Vidole," akasema. "Hapa hapa, kwenye kiti hiki."

Bi Vidole akaketi tena, akaihifadhi barua mara ya sita, anacheka peke yake na machozi yanamtiririka.