Ndoo Niliyoionea Haya Baharini

Mtanisamehe kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka, na mahali nilipokosea herufi msinicheke sana, mimi niliishia darasa la nane na barua hii imenichukua Jumapili tatu. Mkasa wenyewe ni wa aibu. Aibu ilikuwa yangu, lakini hasara ilimpata mtu mwingine.

Mimi ni kijana wa mtaa wa Kabiria, na nilikuwa nikitunza bustani ya Mzee Kantilal kule Karen, mtaa wa wenye mali. Mzee alikuwa na mashua ndogo ya tanga huko Mombasa, na alitaka kuvuka nayo hadi Shelisheli, alikozaliwa marehemu mkewe, apaone kabla hajawa kipofu, kwa sababu daktari alikuwa amemwambia macho yake hayatamaliza mwaka. (Angepanda ndege, najua, lakini yeye na mkewe walikuwa wameahidiana kwenda kwa tanga.) Safari ilihitaji watu watatu wa kupokezana zamu: yeye, binti yake Rupa, na mimi, ambaye alikuwa amenifundisha kamba na usukani siku za Jumamosi kwenye ziwa la Naivasha.

Maisha ya mashuani niliyapenda, nasema kweli. Unashika zamu ya saa tatu, unalala kwenye godoro lenye unyevu, unaamka kupika, na ukipika sufuria imefungwa kwa waya na wewe umejifunga kamba kiunoni, vyombo vinaoshwa kwa maji ya chumvi, na asubuhi unaokota samaki waliojirusha ndani wenyewe.

Shida ilikuwa choo. Kile cha ndani kiliziba siku ya kwanza, basi Mzee akatoa ndoo, akaiweka nyuma, hatua mbili kutoka kwa usukani, akasema, "Mtu akienda huko, wengine wanaangalia mbele. Kwisha." Yeye mwenyewe alienda akiimba. Lakini kwetu kijana akishatahiriwa hajivui nguo mbele ya mtu wa rika la babake, sembuse mbele ya binti yake, na usukanini hakukosekana mtu, hata kwenye zamu yangu Rupa alilala papo hapo nje kwa vile mimi nilikuwa mgeni wa bahari. Haja ndogo nilijibanza nyuma ya tanga. Ile nyingine nikaamua nitaizuia kwa kutokula. Uamuzi mdogo tu, niliufanya nikimenya viazi.

Kwa kuwa mpishi ni mimi, ilikuwa rahisi. Niliwapakulia wao, nikiulizwa nasema, "Nimeshakula, Mzee, nilionja nikashiba."

"Huyu anaonja sufuria nzima!" Rupa akacheka. "Mburu, utatumalizia chakula kabla tufike."

Siku ya pili nikapunguza na maji. Siku ya nne tumbo lilikuwa gumu kama jiwe la kusagia. Siku ya tano, adhuhuri, nilisimama kuvuta kamba ya tanga, nikaona bahari imekuwa nyeusi, nikaanguka, na nilipoanguka tumbo nalo likaamua lenyewe. Rupa ndiye aliyenivua suruali na kuniosha. Yaani kile nilichokimbia siku tano kilinipata chote mara moja, tena mchana.

Kulikuwa na meli ya mizigo ikipita karibu, Mzee akaiita kwa redio, akajibu baharia mmoja wa Tanga aliyesomea huduma ya kwanza. Sasa redio ya baharini haina siri, kila chombo kilicho karibu kinasikia.

"Kijana, mara ya mwisho umekwenda haja kubwa lini? Ukiacha ya leo."

Nikaigeuzia redio mgongo.

"Mburu, sema," Mzee akaninong'oneza.

"Jumapili. Tukiwa Mombasa."

Halafu sauti nyingine kabisa, ya chombo nisichokijua: "Lahaula! Leo Ijumaa, ndugu yangu!" Na nyuma yake watu wakicheka mpaka redio ikakwaruza.

Yule baharia hakucheka. Alisema maji yamenikauka mwilini, ninyweshwe ya sukari na chumvi kidogo kidogo, na nifikishwe hospitali haraka, maana meli yao haikuwa ikielekea bandari yoyote ya karibu. Kwenda mbele ilikuwa siku saba za kupigana na upepo, kurudi ni siku tatu upepo ukitusukuma.

"Baba, tungojee kesho tuone," Rupa alisema, analia.

Mzee aliangalia mbele, upande wa Shelisheli. "Huyu ana mama Kabiria," akasema. "Geuza."

Nilitibiwa Mombasa nikapona, lakini nyumbani niliona haya, nikadanganya kuwa mlingoti ulivunjika. Mama akatoka na ndizi mpaka Karen kumpa Mzee pole ya mlingoti, nami nimesimama hapo nikingoja kuumbuka. Mzee akazipokea zile ndizi, akasema, "Asante, mama. Mlingoti ulitusumbua kweli."

Kabla ya Krismasi Mzee alikuwa haoni tena. Mashua iliuzwa. Mimi bado niko Karen, namshika mkono tukizunguka bustanini, na hajawahi kunitajia safari ile hata siku moja. Mama nilimwambia ukweli mwezi uliopita. Nimeapa sitanyamaza tena kwa ajili ya haya wakati mtu mwingine ndiye atakayelipa.

Ndugu msomaji, kama umewahi kufika Shelisheli, tafadhali niandikie kupitia gazeti hili. Eleza milima yake, miti, rangi ya maji ukikaribia kutoka baharini. Andika kwa herufi kubwa, nasoma polepole, na nitakuwa nikimsomea mtu.