Kopo Zima la Levire

Nusu ya kijiko cha chai kwa bidoni ya lita ishirini. Hiyo tu. Nimelisema jambo hili mpaka limenichosha, na bado wapo wanaoniuliza huku wakikonyezana, kwa sababu hawaulizi wapate kujua, wanauliza wapate kucheka. Mimi sicheki.

Kwetu, upande wa Beni, hata hiyo nusu hatukuitia. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ilijipika yenyewe: ndizi mbivu zilikamuliwa kwa nyasi, maji yake yakatiwa unga wa mtama uliokaangwa, yakafunikwa kwa majani, na joto la kule likafanya kazi yake. Kesho yake povu lilikuwa linainua majani. Tulipokimbia vita na kupanga nyumba huku Mususa, mjini Butembo, niligundua kwamba baridi ya hapa huilaza kasiksi kama mgonjwa. Ndipo nikajifunza kutia levire, yaani hamira ya waoka mkate, kidogo kidogo, mpaka nikapata kipimo ambacho mnywaji hawezi kukisikia ulimini.

Mume wangu na kaka yake mkubwa walikuwa hawasemezani tangu matanga ya baba yao. Kaka ndiye aliyebaki na shamba la familia kule Musienene, na sisi tulikuwa tunanunua maharage sokoni kama watu wasio na mikono. Hatimaye wazee wa ukoo wakaamua: mdogo alete kasiksi, wanywe pamoja, na wakipatana apewe sehemu ya kulima. Niliitaka sehemu ile kuliko yeye, maana mwenye kushika jembe nyumbani kwetu ni mimi.

Nikaitengeneza pombe ile kwa heshima. Siku moja kabla ya kwenda kwa kaka, nilikwenda misa, nikaiacha imefunikwa, imetulia, vipovu vimeanza kutokea pembezoni. Niliporudi, ua mzima ulinuka mkate. Povu lilikuwa limemwagika mpaka mlangoni, na kopo langu la levire, nililolifungua juzi tu, lilikuwa dirishani, tupu.

"Baba batoto, umefanya nini?"

"Niliona haipande, njo nikasema nikusaidiye," alijibu, mikono mfukoni. "Lakini bantu banatungoja kesho. Ukitia mingi, si itaenda mbio?"

Kusaidia! Miaka yote hiyo hajanisaidia kumenya hata ndizi moja, siku hiyo ndiyo akakumbuka. Nilitaka kuimwaga yote nianze upya. Akakataa; siku imeshapangwa, wazee wameshaitwa. Nikamwambia basi, wakiuliza, utasema wewe. Akasema ndiyo.

Kwetu mwenye kutengeneza pombe ndiye hunywa wa kwanza, mbele ya wote, wajue haina sumu. Kesho yake, uani kwa kaka, nikapiga magoti, nikanywa. Ilikuwa chungu, na harufu ya donge bichi la unga ikanipanda puani. Nikampa kaka. Akaonja, akakishusha kikombe.

"Shemeji, hii ni pombe ao ni mukate?"

Wazee wakaangua kicheko. Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa amekaa palepale, amesikia kila neno, na yeye alikuwa anacheka.

"Yaya, unajua banamuke," akamwambia kaka yake. "Haraka tupu."

Kaka akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akamnyooshea mdogo wake mkono, kwa mara ya kwanza tangu matanga yale. Wakashikana, wakakumbatiana. Nami nimepiga magoti pale chini, ukweli umenijaa kinywani. Nikiusema, mkono ule unarudi nyuma, na shamba linarudi nao. Hasira niliyoimeza siku ile ilinichoma kuliko ile pombe, na haijanitoka mpaka leo.

Wahenga walisema ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Wakipatana, shika kapu ukavune. Hao wahenga hawakuolewa. Hawa wangu walipatana, na jembe nikashika mimi.

Sehemu tulipewa. Maharage yamekubali, siwezi kukana. Lakini kila nikipita na jembe langu, bibi wa kaka huniita Mama Levire, na wanawake wa soko la Musienene wamelipokea jina hilo kana kwamba nilibatizwa nalo. Mume wangu naye hukisimulia kisa hicho kwenye sherehe za watu, na kila akikisimulia, kopo nililotia mimi linazidi kuwa kubwa.

Msimu uliopita kaka alikuja kututembelea Mususa. Nikamtengenezea kasiksi: nusu ya kijiko, si punje zaidi. Akanywa kikombe cha kwanza, akaomba cha pili, akajilamba midomo. Kisha akampiga mume wangu begani.

"Mudogo, umemufundisha bibi yako muzuri."

Nikasimama na bidoni mkononi, nikamwangalia mume wangu, nikasubiri. Tulikuwa watatu tu. Shamba tumeshalivuna mara kadhaa, na hapakuwa na wazee wa kumcheka. Angeweza kusema.

Akainua kikombe chake.

"Merci, yaya," akasema.