Mama na Bluu ya Chuo

Kwetu Old Moshi mtoto akihitimu, ukoo hushona sare. Mahafali yangu yaliangukia mikononi mwa shangazi, dada yake marehemu baba. Alishuka mjini na simu yangu, akalinganisha picha ya joho na kila jora la dukani, akawachosha wauza vitambaa mpaka akaipata bluu ile nyepesi ya chuo chetu. Sisi wengine tungeridhika na bluu yoyote, lakini nani angethubutu kumwambia?

Mama alikataa kupimwa. Tangu tumzike baba kihambani, shamba la nyumbani, kwenye migomba yake mwenyewe, hakuwa amevua nguo nyeusi. Muda wa desturi ulishapita, mchungaji alishaongea naye, shangazi alishanuna. Alisema atakuja, na vigelegele atapiga, ila kwa nguo zake. Shangazi hajui kushindwa. Akamwambia fundi wa mtaa wa Soweto, pale mjini, ashone kilemba kwa kitambaa kilichobaki, akakitia mkobani. Mimi nilinyamaza. Niliogopa tukimsukuma mama atabaki nyumbani, na bila yeye shahada ile ingekuwa karatasi tu.

Siku yenyewe ukoo ulijaa uwanjani, wote bluu, mama peke yake katika nyeusi. Nilipotoka ukumbini nilimwamkia, akanishika mabega na kunitazama juu mpaka chini. Joho letu ni jeusi. Bluu imezunguka shingoni tu.

"Kumbe na wewe umevaa nyeusi," akasema.

"Ndiyo, mama. Sote tunaohitimu tumevaa."

Akaipapasa ile bluu shingoni mwangu. Kisha akamgeukia shangazi na kunyoosha mkono, maana shangazi hawezi kuficha siri, na habari za kilemba mama alishazijua. Shangazi akatoa kilemba bila neno, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla ya hapo.

Mama akaniinamishia kichwa. "Nifunge wewe. Lakini hii nyeusi siivui leo."

Nilimfunga huku nalia mbele za watu, wala sikuona haya. Namshukuru Mungu kwa shahada, kwa ada waliyonichangia ndugu, hata kwa ukaidi wa shangazi. Zaidi namshukuru kwamba hakuna aliyemjibu mama neno.

Miezi ilipita. Asubuhi moja tulimkuta anawakatia ng'ombe majani, amevaa gauni la maua. Shangazi alifungua mdomo, nikamkanyaga mguu, tukamsalimia mama kama siku zote.