Mama Mkwe na Mtori wa Gesti

Mke wangu aliniapisha: mama yake asijue tuko Moshi mjini. Mtu mwenye kwao Masama, hapo juu tu mlimani, kwenda kulala gesti, tena na mume! "Atasema tunaionea haya nyumba yake," aliniambia, na hofu yake haikuwa ya mchezo. Alikuwa amempigia magoti mama huyo ndipo nikakubaliwa.

Lakini mimi mtu wa Tanga nilitaka siku mbili tu za kupumua kabla ya kupanda huko kuamkiwa na ukoo mzima. Miaka hiyo ya tisini kila mwenye vyumba vya ziada mjini alivipaka rangi akaviita gesti, na yetu ilikuwa ya raha kweli. Mwenye nyumba alishinda amevaa kandambili, chai ilinywewa hata saa tano, na ukivuka barabara tu uko kwenye maduka ya picha na vinyago. Siku ya kwanza tulimaliza asubuhi nzima tukikodolea macho picha za Kilimanjaro, mlima wenyewe umesimama nyuma yetu bila wingu. Hakuna aliyegeuka.

Siku ya pili niliamkia barazani, kifua wazi, msuli kiunoni, bakuli la mtori wa ndizi na nyama mbele yangu. Jamani, mtori ule! Nami nikishiba nina mdomo. Nikapaza sauti kwamba aliyelima ndizi hizi nataka nimshukuru ana kwa ana.

"Una bahati," mwenye nyumba akasema. "Ndiyo kwanza ameleta nyingine. Mama! Hebu njoo huku mbele, kuna mgeni anakusifu!"

Akatokea mlango wa jikoni, ngata bado kichwani. Mama mkwe wangu! Tulijua anashuka sokoni. Kwamba anapitia na gesti, nani angetuambia?

Kwetu mama mkwe hakuoni hata ukiwa na fulana tupu. Nilivuta kitambaa cha meza nikajifunika, bakuli likaenda chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba," akajibu, akiutazama ukuta kwa heshima.

Mke wangu akatoka chumbani kuuliza kumevunjika nini. Alipomwona mama yake alianza kulia palepale.

Mama hakugomba. Alivuta kiti akaketi, akatazama maua, akatazama picha ukutani. "Siku zote naishia jikoni," akasema. "Kumbe huku mbele ndiko kuzuri hivi. Nileteeni na mimi huo mtori. Hawa ni wanangu."

Akala taratibu, akaongezwa. Mke wangu uvumilivu ukamshinda. "Mama, umekasirika?"

"Sana." Akameza. "Tangu uolewe nyumba yangu kimya. Nilitaka usiku mmoja tu nisikie watu wakikoroma chumba cha pili."

Kisha akamgeukia mwenye nyumba. "Baba, chumba kinachopakana na cha hawa kina mtu?"